Kijivu ama krimu? Uliza dirisha lako kwanza

Wasee, wacha niseme mapema ndio tusisumbuane: kwa vyumba vingi vya kukodi hapa Nairobi, krimu inashinda kijivu. Najua venye hiyo inasikika. Krimu ni rangi ya kila keja umewahi kuhamia, rangi ya ofisi ya chifu, rangi ya wodi. Kijivu nayo ni rangi ya kila video ya chumba kizuri umeona mwaka huu. Lakini soma mpaka mwisho kabla uniite mzee, juu hata mimi sikufika kwa krimu kwa kupenda. Nilifika kwa kupima.

Nakaa Woodley, kwa flati upande wa barabara ya Joseph Kang'ethe. Ukitembea kidogo huku uko Adams Arcade, ukitembea kidogo kule uko Toi. Mtaa una nyumba za zamani za kaunti, zile za chini zenye ua na miti mikubwa, halafu flati zimepanda kila mahali zinapoweza. Mimi niko ghorofa ya pili. Dirisha langu linatazama mashariki, na hiyo ingekuwa stori tamu sana kama mashariki yenyewe haingekuwa ukuta wa flati ya jirani. Nikitoa ufagio nje kwa dirisha, unakaribia kuugusa.

Mdogo wangu amepata chuo na anahamia kwangu. Tukakubaliana tupake chumba rangi kabla alete kitanda. Mwenye nyumba hakukataa, aliweka tu sharti moja, na liko kwa karatasi tuliyosaini: ukitoka, chumba kirudi rangi uliyokikuta, ama dipoziti ifanye hiyo kazi. Dipoziti ni kodi ya mwezi mmoja mzima. Kwa watu wawili ambao mmoja anategemea video na mwingine anategemea HELB, hiyo si pesa ya kuchezea.

Yeye alitaka kijivu. Mimi nilikuwa naegemea krimu. Badala ya kubishana wiki nzima, tulinunua kopo mbili ndogo za sampo, tukapasua boksi la friji tukapata vibao viwili vikubwa, kila kimoja karibu mita moja. Tukapaka kijivu kimoja, krimu kingine, mikono miwili kila kimoja. Halafu kwa siku nne tukawa tunavihamisha: kando ya dirisha, nyuma ya mlango, juu ya kitanda, kwa kona ya jiko. Asubuhi, mchana, usiku.

Ukikumbuka kitu kimoja tu kwa hii posti, kumbuka hicho. Usipake sampo ndogo kama kiganja juu ya rangi ya zamani halafu uamue. Ile rangi ya zamani pembeni inakudanganya macho. Kijivu kando ya krimu kuukuu kitaonekana cha bluu hata kama si cha bluu. Paka kibao kikubwa, kihamishe, kiangalie peke yake.

Haya, matokeo.

Saa moja asubuhi. Ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi mnaijua: mawingu yamelala juu ya mji mpaka karibu saa sita, baridi ndani ya soksi. Kibao cha kijivu kilikuwa kinakaa simiti iliyonyeshewa. Si kijivu ya video, ni simiti kabisa, ile ya kujenga. Krimu nayo ilikuwa kama chai yenye maziwa mengi. Haikuwa nzuri sana, lakini ungeweza kuona soksi zako.

Saa saba mchana. Hapa kijivu kilikuwa na siku yake. Mwanga umefunguka, ukuta wa jirani unarudisha jua kidogo, na kibao kikatulia, kikawa na heshima. Krimu pembeni ilionekana ya kawaida tu. Mdogo wangu akaniangalia bila kusema kitu. Nikakubali. Shida ni kwamba hiyo ilidumu kama masaa mawili, na hayo masaa mawili sisi wote hatuwangi nyumbani.

Saa moja usiku, na balbu tuliyoikuta kwa nyumba, ile nyeupe sana iliyoandikwa 6500K. Kijivu kikageuka bluu, ile bluu ya friji ikifunguliwa. Krimu ikawa nyeupe kama karatasi. Tukabadilisha balbu, tukaweka ya 3000K, ile ya mwanga wa manjano. Sasa mambo yakageuka: kijivu kikawa na joto, kikawa kizuri kuliko wakati wowote, na krimu ikawa ya manjano kama majarini. Kwa hivyo wacha nisidanganye mtu. Usiku, na balbu ya 3000K, kijivu kilishinda wazi.

Hiyo namba ya K iko kwa kila boksi la balbu na watu hawaisomi. Kadiri iko chini, mwanga unaelekea manjano. Kadiri iko juu, unaelekea bluu. Kuna watu wamebadilisha rangi ya ukuta mara mbili na shida ilikuwa balbu.

Sasa kwa nini kijivu kile kile kinachoua kwa simu kinakufa kwa chumba changu? Kuna sababu tatu, na hakuna hata moja ya uchawi.

Ya kwanza ni kamera. Mimi napiga video, kwa hivyo hii naijua vizuri. Kamera ya simu haionyeshi rangi iliyoko, inaonyesha rangi inayodhani unataka. Ikiona chumba kina giza, inaongeza mwanga. Ikiona kila kitu kimekuwa bluu, inavuta kila kitu kuelekea manjano ndio nyeupe ikae nyeupe. Ongeza taa mbili za kurekodia nje ya fremu, na dirisha kubwa kama mlango wa gereji. Hicho kijivu unachokipenda kimeoshwa na mwanga ambao wewe huna. Nilipiga vile vibao vyetu na simu yangu, na kwa simu vyote viwili vilikaa poa. Kwa macho, kimoja kilikuwa simiti.

Ya pili ni jua lenyewe. Ushauri mwingi wa rangi unatoka Ulaya na Marekani, na huko wanakuambia chumba kinachotazama kaskazini ni baridi, kinachotazama kusini ni cha joto. Kwao ni kweli. London iko digrii 51 kaskazini ya ikweta, kwa hivyo jua la mchana huko liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko digrii 1 na kidogo kusini ya ikweta. Hapa jua la saa sita mchana karibu liko juu ya kichwa: Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba linaegemea kusini kidogo. Chumba kinachotazama kaskazini, ambacho London kingekuwa friji, Nairobi ndicho kinapata jua la Juni na Julai, mawingu yakikubali. Huku swali kubwa ni mashariki ama magharibi: unapata jua la asubuhi ama la jioni? Halafu linakuja swali la pili, ambalo hakuna video ya Uingereza itakuuliza: kuna nini mbele ya dirisha lako? Kwa sababu Nairobi dirisha linaweza kutazama jua vizuri sana na bado likaona ukuta tu.

Ya tatu ni hesabu. Kampuni nyingi za rangi hupima kila rangi inarudisha mwanga kiasi gani, kutoka 0 mpaka 100. Nyeusi kabisa ni 0, nyeupe kabisa ni 100. Hiyo namba inaitwa LRV, na kama haiko kwa kadi ya rangi, mara nyingi utaipata kwa tovuti ya kampuni. Krimu nyepesi huwa juu ya 70. Kijivu cha wastani huwa chini ya 50. Sasa chukua krimu ya 75 na kijivu cha 40. Mwanga ukiingia ukagonga ukuta mara moja, krimu inarudisha 75, kijivu 40. Ukigonga ukuta wa pili, krimu inabaki na 56. Kijivu kinabaki na 16. Kumi na sita! Chumba chenye dirisha kubwa hakijali sana, juu mwanga unakufikia moja kwa moja. Lakini chumba kama changu kinaishi kwa mwanga wa kugongagonga. Kila ukuta ni dirisha la pili. Ukiupaka kijivu, umelifunga, halafu unawasha taa saa tisa mchana na kununua tokeni ukishangaa zinaenda wapi.

Na hii si shida mpya. Angalia Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingia kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili wakikutana lazima mmoja apishe. Nyumba za mawe zimekaribiana kuliko flati za Woodley. Vyumba ni virefu na vyembamba, juu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Madirisha ya kutazama nje ni machache na mwanga mwingi unaingia kupitia uwani. Sasa wale wajenzi walipaka nini ndani? Chokaa nyeupe. Kuta nyeupe, zidaka nyeupe zilizochongwa kwa plasta, mwanga wa uwani unaruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine mpaka ufike chumba cha ndani kabisa. Hakuna mtu huita hiyo boring. Tunapanda ndege kwenda kuipiga picha. Halafu tunarudi kwa keja zenye dirisha moja na tunapaka rangi ya simiti.

Tuongee pia uchafu, juu hakuna video huongea uchafu. Krimu inaonyesha mikono. Kando ya swichi, kando ya mlango, mahali unaegemea ukivaa viatu, itaandika kila kitu. Dawa yake ni kuchagua rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ile mafundi wanaita siliki, unaipangusa na kitambaa chenye maji. Ile kavu kabisa isiyong'aa ukiisugua inaacha alama. Kijivu nacho kinaficha vidole lakini kinaonyesha mikwaruzo myeupe, na chumvi ya ukuta ikitoka inaonekana kama mtu amemwaga unga.

Lakini kuna kitu krimu inafanya ambacho kilinishangaza: inasema ukweli. Unyevu ukianza kuingia, doa la kwanza la ukungu unaliona wiki hiyo hiyo. Unapiga picha, unamtumia keateka, tarehe iko hapo. Kijivu kinakufichia mpaka siku unavuta kitanda na kukuta msitu. Kwa nyumba ya kukodi, ukuta unaosema ukweli ni shahidi wako. Na shahidi utamhitaji, juu ile sheria ya kulinda wapangaji watu huitaja sana, ya Rent Restriction, inashughulikia nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu nionyeshe nyumba ya hiyo bei Woodley. Kwa wengi wetu, karatasi tuliyosaini ndiyo ya kuangalia kwanza. Isome sehemu ya rangi kabla uguse brashi, na uombe ruhusa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Sasa pesa. Chumba chetu ni mita 3 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 2.6. Zungusha: mita 13 mara 2.6 ni karibu mita za mraba 34. Toa mlango na dirisha, unabaki na kama 30. Lita moja ya rangi ya maji kwa kawaida inapaka kama mita 10 za mraba, mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 6. Hiyo ni ya kuingia. Ya kutoka, kama umepaka kijivu, ni kurudisha krimu juu ya rangi nzito, na fundi atakuambia mikono miwili haitoshi kila wakati, wa tatu unaweza kuhitajika. Kwa hivyo lita 6 za kuingia, lita 6 mpaka 9 za kutoka, na fundi mara mbili. Kijivu kwa nyumba ya kukodi unakilipia mara mbili. Krimu unailipia mara moja, na siku ya kutoka unagusa tu mahali pamechafuka, kama uliandika namba ya rangi uliyonunua. Iandike. Nyuma ya mlango wa kabati, na penseli.

Nilipomaliza hizi hesabu zote, nilidhani mjadala umeisha. Nikampigia mdogo wangu mistari yote: kamera, jua, 75 na 40, lita. Akasikiliza. Halafu akasema kitu ambacho hakiko kwa kadi ya rangi.

Akasema, "Unakumbuka tumehama mara ngapi?"

Tumehama mara sita tangu nianze shule. Sababu ni zile zile za kila mtu: kodi imepanda, nyumba imeuzwa, mwenyewe anataka kumweka mtoto wake. Akaanza kuzitaja keja moja moja, na kila moja ilikuwa krimu. Krimu ya kwanza, krimu ya pili, ile krimu tulikuwa tunakatazwa kubandika hata kalenda. Akasema yeye hajali kijivu kama kijivu. Anataka siku moja aamke aone ukuta ambao mtu wa familia yetu ndiye aliuchagua. Akasema krimu ni rangi ya kungoja kuambiwa utoke.

Wah. Hapo LRV haina jibu.

Na nafikiri ndiyo maana hii vita ya kijivu na krimu inapigwa kwa nguvu hivi na watu wa rika letu. Si kwamba wote tumependa rangi moja kwa bahati. Wengi wetu hatutanunua nyumba karibuni. Rangi ndiyo kitu cha kwanza na cha bei ndogo kinachoweza kusema "hapa nimekaa mimi." Mtu akikuambia "weka krimu tu, si nyumba yako," hata kama hesabu yake ni sawa, amekukumbusha kitu ulikuwa unajaribu kusahau. Kwa hivyo wale wanaocheka wapangaji wanaopaka rangi ati wanatengenezea landlord nyumba, mimi siko nao. Mwaka mmoja unaoishi kwa chumba ni mwaka wa maisha yako, si wa mwenye nyumba.

Lakini pia sikubali kwamba dawa ni kukaa gizani mwaka mzima ndio nijisikie nyumbani. Kwa hivyo tulirudi kwa vibao. Tulijua kijivu kinafanya vizuri wapi: usiku, chini ya balbu ya 3000K, mahali ambapo hatutegemei mwanga wa dirisha. Tukatafuta ukuta wa aina hiyo. Ukawa ukuta wa nyuma ya kitanda chake, ule mfupi wa mita 3 kando ya mlango. Mwanga wa dirisha haugongi pale vizuri hata hivyo. Kuta nyingine tatu zikapata krimu, hasa ule unaotazama dirisha, juu huo ndio unarudisha mwanga kwa chumba chote, na ule wenye dirisha, juu ukiwa mweusi dirisha linakuumiza macho.

Hesabu ya ukuta mmoja: mita 3 mara 2.6 ni karibu 8 za mraba. Mikono miwili, lita 2. Siku ya kutoka, hata tukihitaji mikono mitatu ya krimu, ni lita mbili na nusu na Jumamosi moja, na tutapaka wenyewe. Dipoziti inabaki salama. Fundi alipokuja kuchanganya rangi aliangalia mpango wetu akasema, "Madam, huyu wa kijivu ndiye ametumia akili, wewe umetumia kalkuleta." Sikumjibu. Alikuwa na rola mkononi.

Mapazia tulienda kuyatafuta Toi, tukapata ya kijani iliyokolea, mazito, na hayo tukihama yanahama. Huo ndio ushauri wangu mwingine: rangi nzito unayoipenda iweke kwanza kwa vitu vyenye miguu. Mapazia, shuka, zulia, kibao cha kubandika picha. Ukuta wa mwenyewe mpe kazi ya mwanga.

Kwa hivyo msimamo wangu haujabadilika. Dirisha lako likitazama ukuta, krimu. Dirisha lako likiwa kubwa na wazi, kijivu twende, wewe ni mtu wa baraka. Kama huna uhakika, boksi la friji ni bure kwa hadiwea yoyote ukiomba vizuri. Lakini kabla ya kuhesabu lita, muulize mtu mnayeishi naye anataka ile rangi imfanyie nini. Mimi kwa kumuuliza mdogo wangu nilipoteza ukuta mmoja kati ya minne. Na usiku, taa ya kitanda chake ikiwaka, lazima nikubali, ndio ukuta mzuri kuliko yote.